Kokoto Nyeupe

Kyubu ya kwanza ya zege iligoma kuvunjika. Tarakimu kwenye kioo cha mashine zilifika ishirini na tano, kiwango kilichotakiwa, zikapita. Zikafika thelathini, zikapita. Zilipogonga thelathini na nane, Chekeche, mzee wa kuchekecha mchanga aliyekaa pale maabara miaka mingi kuliko meza zenyewe, aliacha kufagia akaja kusimama nyuma ya wavu wa kinga.

“Bwana Mizani, umeweka zege humo au umeweka chuma?”

Bwana Mizani hakubandua macho kwenye tarakimu. Jina hilo alipewa kwa sababu hupima kila kitu mara mbili, hata sukari ya chai, na watu wa namna hiyo hawaongei mashine ikiwa kazini. Kwenye arobaini na mbili ndipo kyubu iliposema paa! Pembe zikaruka, katikati pakabaki kiuno chembamba. Hivyo ndivyo linavyovunjika zege lililoshindiliwa na mtu anayejua anachofanya.

“Arobaini na mbili!” Chekeche alicheka mpaka akakohoa. “Huyo shemeji yako nyapara apewe medali. Mkandarasi gani siku hizi anamwachia nyapara atie saruji hivyo?”

Swali zuri. Mkandarasi ambaye anadaiwa zege la ishirini na tano akakupa la arobaini na mbili ni sawa na muuza duka unayemwomba kilo moja akakupimia karibu mbili, na bado akatabasamu. Wapo labda. Mimi sijawahi kukutana naye.

Bwana Mizani naye angecheka, kama asingeinama kuokota vipande. Kyubu zile za zege, sentimita kumi na tano kila upande, ziliingia maabara zikiwa sita. Tatu alizivunja siku ya saba, wiki tatu zilizopita. Zilipita vizuri, akafurahi kwa ajili ya shemeji yake, akafagia vifusi bila kuvitazama. Hizi tatu zilibaki kwenye tangi la maji zingoje siku ya ishirini na nane, yaani leo Alhamisi. Sasa alishika kipande kilichovunjika, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza tena.

Kokoto za ndani zilikuwa nyeupe. Si kijivu, si nyeusi kama zile zilizomwagwa kwa malori pale kwenye ujenzi. Nyeupe pe, zenye kung'aa, vipandevipande vya mawe ya kutengenezea meza za jikoni. Karakana inayokata mawe hayo huyatupa nyuma ya ukuta wake, na katika mji mzima kuna mtu mmoja tu anayeyaokota kwa gunia. Mtu huyo hulala naye kitanda kimoja.

Akasema moyoni, hapana, mawe meupe yako mengi duniani. Akageuza upande uliokuwa umelalia sakafu ya tangi siku zote hizo. Tarehe ilikuwa imekwaruzwa kwa msumari wakati zege likiwa bichi, na saba yake ilikuwa imefungwa kamstari katikati, kama mtu aliyefunga mkanda. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akiisoma saba hiyo kwenye vikaratasi vya kumtuma sokoni.

“Mungu wangu,” alisema.

“Nini tena?” Chekeche aliuliza.

“Hamna kitu. Imenichoma kidole.”

Mlango ukafunguliwa, Mkubwa wa maabara akaingiza kichwa tu, akavitupia macho vile vipande vyeupe. Huyo hakuwa na desturi ya kuingiza mwili mzima mahali penye vumbi. “Zimepita? Mwalimu Mkuu amepiga simu mara tatu. Watoto wanaingia madarasa ya juu kesho asubuhi, anataka cheti mkononi.”

“Zimepita,” mdomo wa Bwana Mizani ukasema wenyewe.

Mlango ukafungwa. Alivunja mbili zilizobaki, moja arobaini na moja, nyingine arobaini na tatu, zote nyeupe ndani. Kisha akaketi mbele ya ile fomu. Slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya kwanza, madarasa mawili, shule ya msingi. Shule anayosoma binti yake. Chini kabisa palikuwa na mstari usemao, Sampuli imechukuliwa mbele ya, na juu ya nukta zilizofuata palikuwa na saini yake mwenyewe, nzuri, iliyonyooka. Kipande kimoja akakitia mfukoni.

Alimkuta mkewe uani, amepiga magoti mbele ya chungu kikubwa cha maua, anakipitishia msasa mdomoni. Mtaani walimwita Mama Vyungu. Alianza na vyungu viwili vya kupamba mlango wake, jirani wakavitamani, na sasa nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa na zege lake mlangoni. Vikubwa kuliko vyote vilikuwa viwili vya langoni mwa shule, ambavyo kila mzazi aliyeingia alivipapasa na kuuliza vimetoka wapi.

Bwana Mizani alivuta kigoda, akaketi. Akatoa kile kipande mfukoni, akakiweka juu ya ukingo wa chungu.

Mama Vyungu alikitazama, akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililommaliza mumewe.

“Kumbe zimefika kwako! Zimetoa ngapi?”

“Mama watoto, unakijua hiki?”

“Nisikijue vipi, nimekizaa mwenyewe? Sema kwanza, zimetoa ngapi?”

“Arobaini na mbili.”

“Weee!” Alipiga makofi, vumbi la saruji likaruka. “Na kaka alivyokuwa na wasiwasi! Tabaka tatu, kila tabaka nashindilia mara thelathini na tano, kama ulivyonionyesha ule mwaka nilipokuletea chakula kazini. Sikupunguza hata moja. Mkono uliniuma siku mbili.”

“Alikwambia ni za nini?”

“Za ghala la mtu. Alisema vijana wake wanashindilia ovyo, sampuli zinatoka na matundu, halafu kazi nzuri inaonekana mbaya. Akaniletea kalibu zenu za chuma za kumwagia zege na mifuko miwili ya saruji. Nilitumia kidogo tu, iliyobaki akasema ni asante yangu. Ndiyo niliyotengenezea vile vyungu vya shule.”

“Mbona hukuniambia?”

“Aliniomba nisiseme. Eti ukijua mkeo anawafanyia mafundi kazi yao, utaona haya mbele ya wenzio.” Alicheka. “Nikasema, kweli, si ajabu, wewe na haya zako.”

Bwana Mizani aliitazama mikono ya mkewe, iliyochubuka kwenye vifundo, na hakupata namna ya kulisema pole pole.

“Si ghala. Ni slabu ya shule. Ile ya juu.”

“Shule gani?”

Jibu alikwisha kulijua. Msasa ulimdondoka mkononi, akabaki amepiga magoti vile vile, mdomo wazi, macho yakimtoka.

Wakati huo huo binti yao akaingia na mkoba wake, viganja vyeusi kwa uchafu, uso wote furaha. Alikuwa darasa la sita na alipenda kutoa habari zake kabla hajavua viatu.

“Shikamoo baba. Shikamoo mama. Leo tumepandisha madawati juu! Yote! Letu mimi na mwenzangu liko dirishani kabisa.”

“Mmepanda wangapi?” baba yake aliuliza.

“Wote. Mwalimu akatukataza kurukaruka, maana kuna mmoja aliruka na maji ya kwenye ndoo yakacheza hivi.” Alionyesha kwa vidole, akacheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akatazama huku na huku. “Nimefanya nini?”

“Hujafanya kitu, mama,” Mama Vyungu alisema. “Kanawe mikono.”

Nyapara alikuja mwenyewe kabla jua halijatua, chupa tatu za soda kifuani. Alikuwa kaka mkubwa wa Mama Vyungu, mtu wa maneno matamu, mwenye rula ya mbao mfuko wa nyuma hata siku ya mapumziko.

“Nimepata habari kwa Chekeche! Arobaini na mbili! Shemeji, leo tunakunywa.”

Soda zikawekwa mezani, ndani. Hakuna aliyezifungua. Kipande cha zege kilikuwa hapo katikati, Nyapara akakiona, na hamu ya soda ikamwishia mdomoni kabla hajainywa.

“Shemeji,” alisema Bwana Mizani, “kwenye slabu mliweka mifuko mingapi?”

“Iliyokuwepo.”

“Iliyokuwepo ni mingapi?”

“We shemeji unafanya kazi kivulini na mizani yako. Usiniulize kama polisi.”

“Mingapi?”

Nyapara alimtazama dada yake, akatazama sakafu. “Arobaini.”

“Kwa kazi ya mia moja na ishirini?” Sauti ya Bwana Mizani ilipanda ikakatika. “Arobaini? Theluthi?”

“Mkandarasi alileta hiyo akasema malizia leo leo. Ningefanyaje? Nikikataa, kesho asubuhi yupo nyapara mwingine getini na buti zake. Kila mtu pale alichukua chake, mkandarasi kachukua lundo, mimi nikamletea dada yangu miwili. Ndiyo mnichinje kwa miwili?”

“Kaka,” Mama Vyungu alisema, “uliniambia ghala.”

“Mdogo wangu, ghala, shule, zege ni zege.”

“Mwanangu anakaa humo!”

“Ni watoto wangapi wanakaa kwenye majengo mabovu kuliko lile, na hamna lililotokea? Nguzo za mbao zimetolewa wiki mbili sasa, limesimama. Limesimama, si limesimama?”

Watu wa ujenzi wana ugonjwa huo. Kitu kikisimama leo wanaona kimeapa kusimama milele. Mama Vyungu aliinuka, akamwendea kaka yake hadi wakakaribiana pua kwa pua, na hakumpiga, ingawa mkono wake ulikuwa umeshafungwa ngumi.

“Toka kwangu.”

“Natoka.” Nyapara naye aliinuka, na utamu wote ukamwisha. “Shemeji, nenda kaseme. Watakuuliza umejuaje kama kyubu si zenyewe. Utasema nimeona kokoto za mke wangu. Watakuuliza aliyesimamia zege likichukuliwa ni nani. Isome ile karatasi vizuri, shemeji. Saini ya nani iko pale? Mimi ni mtu wa kufunga mzigo na kuondoka. Nyinyi mnakaa hapa.”

Aliondoka, soda zake akaziacha. Mama Vyungu alimgeukia mumewe. “Saini gani?”

Hapo Bwana Mizani aliona haya ambazo hakuwahi kuziona tangu azaliwe. Sheria ilitaka mtu wa maabara asimame pale zege linapomwagwa, aone kwa macho yake likitiwa kwenye kalibu. Kila mtu pale kazini alikuwa akisaini tu. Mkubwa alijua, Chekeche alijua, ilikuwa kawaida kama kutundika koti. Siku ile slabu ilipomwagwa kulikuwa na kikao cha wazazi shuleni, kwenye chumba cha chini, hatua hamsini kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia. Akamkabidhi shemeji yake kalibu, akaenda kikaoni. Mkandarasi aliposimama kuwaahidi wazazi madarasa mapya, Bwana Mizani alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

“Uliandika ulikuwepo na hukuwepo,” mkewe alisema.

“Ndiyo.”

“Wewe. Unayepima sukari mara mbili.”

Walikaa wakitazamana na chupa za soda. Chumba cha pili binti alikuwa akifunika daftari zake kwa gazeti, kwa ajili ya darasa jipya, huku akiimba kwa sauti ya pua.

“Wakijua, watanifunga?” Mama Vyungu aliuliza.

“Sijui.”

“Na wewe?”

“Kazi imekwisha. Mengine sijui.” Alijipangusa uso. “Sikiliza. Sitakutaja. Nitasema kyubu zilichanganyika maabara, hizi ni za kazi nyingine. Watasimamisha, watapima upya, basi.”

“Watakuamini?”

“Wataniamini. Wananijua mimi si mtu wa kukosea.”

Masikini ya Mungu, aliamini hivyo.

Asubuhi uwanja wa shule ulikuwa umefagiliwa hadi michirizi ya ufagio inaonekana. Watoto themanini na wawili walipangwa mistari miwili mbele ya ngazi mpya, mikoba mgongoni. Wazazi kadhaa walikuja kushuhudia. Mkandarasi alikuwepo na viatu visivyojua vumbi, Mkubwa wa maabara alikuwepo, safari hii mwili mzima, na Mwalimu Mkuu, mama mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi, alishika mkasi wa kukatia utepe. Nyapara hakuonekana.

Mkubwa alimpa Bwana Mizani cheti na kalamu. “Weka saini tumalize.”

“Mkubwa, nina neno. Kyubu zilichanganyika. Zile nilizovunja jana si za hapa.”

“Zilichanganyika wapi?”

“Pale kwetu. Tangini.”

“Maabara yangu haijawahi kuchanganya kyubu.” Mkubwa alishusha sauti, huku akitabasamu kwa ajili ya wazazi. “Za kazi ipi basi? Nipe namba.”

Bwana Mizani aliizungusha kalamu mkononi. Namba hakuwa nayo. Mtu aliyezoea kusema kweli hata uongo wake huwa na mapengo.

“Mashine imesema arobaini na mbili. Unabishana na mashine?”

“Nasema tu tusubiri, tupime slabu yenyewe. Wiki moja, Mkubwa. Watoto wabaki madarasa ya chini wiki moja.”

Mkandarasi alisogea, akacheka kwa sauti ya kusikika mpaka getini. “Mimi namjua huyu. Wiki nzima ananizungukazunguka, alitaka kitu kidogo, sikumpa. Ndiyo haya sasa!”

Wazazi wakageuka. Mmoja akasema, “Aa, kumbe.” Mwingine akasonya. Bwana Mizani alifungua mdomo kukana, akamwona binti yake kwenye mstari wa pili, ametazama viatu vyake, masikio yamemwiva. Akaufumba mdomo. Hakuwahi kuomba hata nauli ya mtu, na sasa mbele ya mtoto wake alikuwa mla rushwa aliyekosa.

“Tusipoteze muda,” alisema Mwalimu Mkuu, naye kachukizwa. “Watoto, pandeni polepole. Msisukumane.”

Utepe ukakatwa. Mtoto wa kwanza akaweka mguu kwenye ngazi, wa pili akamfuata. Bwana Mizani alisimama pale pale na kalamu mkononi.

“Mwalimu! Mwalimu, subiri! Washushe!”

Mama Vyungu alikuwa amepita kati ya vyungu vyake viwili langoni akikimbia, kwa nguo zake za kazi zenye saruji magotini, ngumi moja imefumbwa. Alikuwa ameapa kubaki nyumbani. Alibaki robo saa.

“Kyubu zile nimezitengeneza mimi,” alisema akihema. “Uani kwangu. Hazina hata punje ya zege la hapa.”

“Wewe ndiye nani?” Mkandarasi aliuliza.

“Mke wa huyu. Dada wa nyapara wako. Na mama wa yule pale.” Alifumbua ngumi, kokoto nyeupe zikaonekana kiganjani. “Mkubwa, uliziona zilivyovunjika? Zilikuwa hivi ndani. Sasa panda juu, vunja popote kwenye ile sakafu. Ukikuta jiwe jeupe hata moja, nifungeni leo hii.”

Mkubwa alichukua kokoto moja, akaikumbuka, rangi ikamwondoka usoni. Taratibu akafunua ile fomu ya zamani kwenye jalada lake.

“Hapa pana saini yako,” alimwambia Bwana Mizani. “Sampuli imechukuliwa mbele yako.”

“Sikuwepo, Mkubwa. Niliandika nilikuwepo. Nilikuwa pale chini kikaoni na hawa wazazi, nampigia makofi huyu bwana.” Alimnyooshea kidole mkandarasi. “Slabu ile ina theluthi ya saruji. Theluthi, jamani. Na hayo madawati yako juu tangu jana.”

Mwalimu Mkuu alidondosha mkasi. “Shukeni!” alipiga kelele, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena, ilikuwa ya mtu anayeona gari likimjia mtoto. “Shukeni wote! Polepole! Hapana, haraka! Shukeni!”

Wanne waliokuwa wameshafika juu walishuka wakishikana mashati, hawajui wamekosa nini. Mzazi aliyesonya alimbeba wake akakimbia naye hadi uzioni, akakaa chini kwenye vumbi, akaanza kulia kwa sauti. Binti wa Bwana Mizani alipita mbele ya wazazi wake wote wawili na hakuinua macho.

Mchana huo huo slabu ilitobolewa sehemu tatu kwa mashine ya kukatia zege, watu wamejifunga kamba, mbao zimerudishwa chini kuishikilia. Kipande cha kwanza kilitoka kimegawanyika mara tatu. Cha pili Mkubwa alikishika tu, kikabaki mchanga kiganjani. Cha tatu ndicho pekee kilichofika maabara kikiwa kizima.

Bwana Mizani hakuruhusiwa kukigusa. Alisimama mlangoni, kama mgeni, barua ya kusimamishwa kazi imekunjwa mfukoni. Chekeche ndiye aliyekiweka mashineni, kwa uangalifu wa mtu anayelaza mgonjwa. Tarakimu zilianza kupanda. Nne. Tano. Hakukuwa na mlio wowote. Kipande kilijikunja tu kimya kimya, kikamwagika.

“Saba,” Chekeche alisema.

Mkubwa aliketi juu ya gunia la mchanga na suruali yake safi. “Watoto themanini na wawili,” alisema. “Na cheti kilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nakupa kalamu.”

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida, na ndiyo yanayonitia hasira. Nyapara alishafunga mzigo wake. Mkandarasi alikuja kituo cha polisi na wakili, akaondoka na wakili. Aliyekaa kituoni saa nne nzima ni Mama Vyungu, akiulizwa mara tisa, na watu watatu tofauti, ilikuwaje asijue. Mara tisa akasema hakujua. Ya kumi alijiuliza mwenyewe njiani akirudi, mbona hukuuliza ghala la nani, mbona mifuko miwili kwa kazi ya ndoo tatu, na hiyo ndiyo iliyomliza. Kesi ikabaki bado inachunguzwa. Mtaani wengine walimshika mkono wakasema asante mama, wengine walivuka barabara. Mwanamke mmoja alirudisha chungu alichokinunua mwaka juzi, akakiacha mlangoni bila hodi.

Wiki ya pili Mwalimu Mkuu akamwita. Alimpokea langoni, hakumkaribisha ofisini.

“Mama, naona aibu kusema. Wazazi wengine hawataki kuviona.” Alielekeza miwani yake kwenye vile vyungu viwili. “Wanasema wakivitazama wanakumbuka. Ningeomba uvichukue.”

“Sawa, Mwalimu.”

Bwana Mizani alikuja na mwenye mkokoteni. Ilikuwa saa ya mapumziko, binti yao akaachana na wenzake akaja kusimama karibu nao, si karibu sana. Nyuma ya uzio wa mabati, mafundi wawili walikuwa wakibomoa slabu kwa nyundo za kawaida. Hawakuhitaji mashine. Ilikuwa ikimeguka kwa vipande vikubwa, na kila kikidondoka vumbi jepesi lilipanda, vumbi la mchanga mtupu.

Walikiinua chungu cha kwanza watu watatu. Mwenye mkokoteni hakutegemea uzito ule. Mkono ukamponyoka, chungu kikabiringika kutoka juu ya mkokoteni, kikatua kwa kishindo kwenye jiwe la kizingiti. Watoto uwanjani wakapiga yowe.

Kikayumba, kikatulia. Mama Vyungu alipiga magoti, akapitisha kiganja mdomoni, tumboni, chini. Hakukuwa na ufa. Kizingiti ndicho kilichopasuka.

“Duh! Mama, hiki umetia nini?” mwenye mkokoteni aliuliza.

Swali la kawaida tu. Lakini kiganja cha Mama Vyungu kilisimama juu ya chungu kama kilichoungua. Alimtazama mumewe. Bwana Mizani naye alikuwa amemtazama, na wote wawili kwa wakati mmoja waliiona akilini ile mifuko miwili ya asante ikiegemea ukuta wa uani.

“Baba watoto.”

“Najua.”

Alikaa pale chini kidogo. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, akamwambia mwenye mkokoteni aende zake.

“Sivichukui,” alimwambia Mwalimu Mkuu.

“Mama, tumeshakubaliana, nakuomba—”

“Si vyangu, Mwalimu. Ni vyenu. Saruji ya lile darasa la juu imo humu.” Alielekeza kidole kule kwenye mabati, ambako nyundo zilikuwa zikiendelea. “Kwa niliyoiona mimi kwa macho yangu, ndiyo hii tu mliyobaki nayo.”

Mwalimu Mkuu alikitazama chungu, akatazama juu ambako hapakuwa na kitu tena isipokuwa nondo zilizopinda. Kengele ya kurudi darasani iligongwa. Binti hakwenda. Alikuja akashika ukingo wa chungu upande mmoja, baba yake akashika mwingine, wakaanza kukirudisha mahali pake.